Ng'ombe akigoma kula, pima rumeni (tumbo lake la kwanza, lile kubwa) kwa ngumi

Nimefundishwa hili wiki hii, baada ya ng'ombe wetu kuvamia gunia la pumba usiku. Simama kushoto kwake, kunja ngumi, ikandamize kwenye lile bonde kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, kisha tulia dakika mbili nzima kwa saa. Ngumi itasukumwa nje taratibu, halafu itaachiwa. Hiyo ni rumeni ikigeuza chakula, na kwa ng'ombe mzima mwenye afya utahesabu mara mbili hadi nne. Imelala upande wa kushoto, imegusana na ukuta wa tumbo, ndiyo maana mkono mtupu unaipata. Ukipata moja hafifu, au sifuri, ondoa pumba zote na umpigie daktari wa mifugo. Alama ya ngumi ikibaki kama kwenye unga uliokandwa, chakula kimeshindiliana humo. Ila tumbo likiwa limejaa gesi, limekaza kama ngoma, hutahisi kitu; hapo usihesabu kabisa, daktari aitwe dakika hiyohiyo. Ndama anayenyonya pia usimpime hivi, rumeni yake bado changa.