Namna ya Kufuatilia Asili ya Istilahi ya Kiingereza: Mfano wa "Monsoon"

Mwanafunzi wa Malindi anayekutana na neno monsoon katika somo la jiografia hufundishwa kwamba ni upepo unaogeuka kwa majira, kwa sababu nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko bahari. Haambiwi kwamba neno lenyewe analo kinywani tangu utotoni.

Kwanza, usibahatishe kwa sikio. Nimewahi kusikia neno hili likipasuliwa vipande viwili, cha kwanza kikifanywa kuwa moon, mwezi wa mbinguni. Dhana tamu, isiyo na ushahidi wowote. Fungua kamusi inayoeleza asili za maneno, utazame lilianza kuandikwa lini na limetoka lugha gani. Utaona kwamba Waingereza walianza kuliandika mwishoni mwa karne ya 16, na kwamba nyuma yao, pengine kwa kupitia kwa Waholanzi, wapo Wareno na neno lao monção.

Kisha jiulize Mreno alilihitajia nini. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji, wakati kusi, upepo wa majira utokao kusini, linaanza kushika, akafika Calicut, Uhindi, kabla ya mwezi kutimia. Kurudi hakungoja kaskazi, upepo wa kinyume chake, ishike, na kuvuka bahari ileile kukamchukua takriban miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa njiani. Aliyepatwa na hayo hana budi kujifunza jina la wakati wa kusafiri kwa wenyeji wa bahari.

Sasa tafuta mzizi, na hapa usiwe na haraka. Jina hilo ni la Kiarabu, mawsim, yaani wakati maalumu wa mwaka, kutokana na wasama, "alitia alama". Ndilo msimu letu. Katika Kiarabu, m ya mwanzo ni kiambishi kilichotangulia mzizi w-s-m, na wingi wake ni mawasim. Mswahili aliisikia kama m ya mti na mlango, akasema misimu, na ugeni wa neno ukafichika.

Ukitaka kujipima, linganisha tufani na typhoon, lakini usiwahi kukata shauri: kamusi zitakupeleka Uarabuni, Ugiriki na Uchina kwa pamoja.