Ndege za Fungate: Anzeni Kupanga Kutoka Mwisho

Kazi yangu ni kukata tiketi, na maharusi ndio wateja ninaowapenda na kuwahofia kwa pamoja. Wanakuja na picha ya kisiwa kwenye simu na swali moja tu: nauli ya chini kabisa ni ipi? Nami huwauliza: usiku wa kwanza mnataka kulala wapi, na mtafikaje pale mlangoni? Tukishalijibu hilo ndipo nagusa kompyuta.

Chukua Maldivi. Ndege kubwa zinatua uwanja wa Velana, jirani na Malé. Hoteli nyingi ziko visiwa vya mbali, na vingine hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua majini. Hizo haziruki usiku. Mkitua Velana saa kumi na mbili jioni, basi mmechelewa: mtalala karibu na uwanja kwa gharama yenu, na chumba cha kisiwani mmeshakilipia. Kwa hiyo natafuta kwanza ndege inayotua asubuhi, halafu narudi nyuma, uwanja baada ya uwanja, hadi mlangoni kwenu. Nikimaliza, mara nyingi ile nauli ya chini haimo tena, na sijutii. Ndege hizo ndogo pia zina ukali wa mizigo: kilo 20 za begi na 5 za mkononi ndicho kiwango cha kawaida. Bora Bora, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, nako safari ni vivyo hivyo, maana mnatua Papeete kwanza, kisha ndege ya ndani. Ulizeni hoteli saa ya mwisho ya kuwachukua kabla hamjalipa senti kwa ajili ya ndege.

La pili, na hapa sibembelezwi: safari yote ya kwenda iwe kwenye buking moja. Ndege ya kwanza ikichelewa mkakosa ya pili, shirika lina wajibu wa kuwatafutia nyingine. Mkikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa kidogo, shirika la pili linawahesabu kuwa hamkutokea tu, na hapo tiketi ya kurudi nayo huenda ikafutwa. Ikibidi tiketi ziwe mbili, basi laleni usiku mmoja katikati. Msinitajie saa tatu za kusubiri.

Kwenye buking moja, mfumo unaweza kuwauzia nafasi ya saa moja kati ya ndege na ndege, kwa kuwa kila uwanja una muda wake wa chini unaokubalika. Unaokubalika si sawa na unaotosha watu wawili walio hoi kwa harusi. Mimi sishuki chini ya saa mbili kwenye uwanja mkubwa, na kama mtapita uhamiaji katikati ya safari, naweka tatu au nne. Marekani, kwa kawaida, uwanja wa kwanza mnaotua ndipo mnapopita uhamiaji, mnachukua mabegi, mnapita forodha na kuyakabidhi upya, hata kama mnaendelea mbele. Na viza mnahitaji hata kwa kupita tu, kama nchi yenu haijasamehewa. Ulaya, mkienda Santorini kupitia Frankfurt, uhamiaji mnaupitia Frankfurt, si Ugiriki.

Soma pia zile herufi tatu za uwanja. Istanbul kuna IST na SAW, mmoja upande wa Ulaya na mwingine upande wa Asia. Tokyo kuna HND na NRT, London ndiyo usiseme. Ukiona unatua kwa herufi hizi na kuondoka kwa zile, hiyo ni safari ya barabarani, pamoja na mabegi, na pengine viza.

Bibi harusi, jina. Tiketi ifuate pasipoti utakayokuwa nayo mkononi siku ya kusafiri, herufi kwa herufi. Kama pasipoti bado ina jina la kwa baba yako, kata kwa hilo hilo. La mume litasubiri mkirudi. Ukibadilisha pasipoti katikati, viza iliyokwisha gongwa kwenye ile ya zamani inaweza kukuletea maswali. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na miezi 6 mbele, kwa hiyo angalieni zote mbili, maana ya bwana harusi ndiyo huwa imekaribia kuisha.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Tiketi ikisema 00:35 tarehe 12, hiyo ni saa sita na nusu usiku na ushee, na uwanjani mnatakiwa jioni ya tarehe 11. Kuna wawili walinipigia jioni ya tarehe 12 wakiwa kwenye foleni, mabegi yamefungwa vizuri, ndege ilishaondoka jana usiku. Alama ya +1 pembeni ya saa ya kutua maana yake mtafika kesho yake, basi hoteli iwekwe tarehe hiyo. Na msiruke usiku ule ule wa harusi. Sherehe huwa hazifuati ratiba.

Kaunta ikiwapa kile kibandiko cha mzigo, kisomeni kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Herufi tatu kubwa ziwe za uwanja wa mwisho. Zikiwa za uwanja wa katikati, ulizeni papo hapo kama mtalichukua huko. Dawa, chaja, vito na nguo za siku mbili zikae begi la mkononi, pawabenki pia, kwani hizo haziruhusiwi kwenye mabegi ya chini ya ndege. Mabegi yenu makubwa mchanganye nguo, nusu zake nusu zako, ili moja likipotea kila mtu awe na cha kuvaa.

Likipotea kweli, msitoke nje ya uwanja bila kuandikisha na kupewa namba ya kumbukumbu, na risiti za mnachonunua mzitunze. Lililovunjika lina siku 7 za kudai kwa maandishi, lililochelewa siku 21 tangu mlipokabidhiwa.