Jinsi ya kuandika historia ya kanisa lenu la Anglikana huku kanda ya ziwa

Kama parishi yenu inakaribia jubilei na umepewa kazi ya kuandika historia, usianze na jengo, anza na wazee, tena wiki hii hii, maana daftari litakusubiri ila bibi wa miaka 90 hawezi. Beba kilo ya sukari, toa shikamoo, kaa chini utulie. Usiulize kanisa lilijengwa mwaka gani, uliza ulipobatizwa mchungaji alikuwa nani, mlikuwa mnasalia wapi, nani alisomba mawe, nani aliteka maji ziwani ya kufyatulia tofali, ilikuwa kabla ya uhuru au baada, hapo watafunguka mpaka mkono uchoke kuandika. Ukitaka kurekodi na simu omba ruhusa kwanza.

Halafu ndo umwombe mchungaji vitabu vya ubatizo na ndoa. Piga picha kila ukurasa. Jina la aliyebatiza likibadilika ujue mchungaji kahamishwa, na vijiji vya wazazi vinakuonyesha waumini walitokea wapi.

Sasa kuna kosa naliona sana na linaniuma, watu wanaandika "kanisa letu lilianza 1877". Hapana jamani! 1877 ni wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Victoria, na Desemba ya mwaka huo huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Mackay naye, mmisionari mwenzao, alitoka Buganda 1887 akahamia Usambiro, huku kusini mwa ziwa, akafia pale Februari 1890. Hiyo ni historia ya ziwa zima, parishi yako ina siku yake ya kuzaliwa, itafute. Halafu kituo cha misheni cha Nassa kilikuwa cha CMS ila 1909 walikabidhiwa Africa Inland Mission, kwa hiyo wazee wakisema babu zao walisomea Nassa usiishie kwetu Waanglikana tu, kawaulize na ndugu zetu wa AIC (Africa Inland Church, kanisa lililotokana na misheni hiyo), wao ndo wamelitunza lile eneo miaka yote hii.

Na barua za zamani usizitafute Mwanza peke yake. Dayosisi yetu ya Victoria Nyanza, yenye makao Mwanza, imeanza 1963, kabla ya hapo tulikuwa chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, makao Dodoma, ulizia na huko.

Ukimaliza wasomee wazee baada ya ibada, taratibu, kwa sauti. Wakibishana kuhusu jambo usichague upande, andika alivyosema huyu na alivyosema yule, na majina ya wale akina mama wa maji yasikose hata moja.