Somo: Kufufua mtaa kwa ubia, kuanzia mtaroni

Mfano nautoa Ngamiani, Tanga. Barabara zake za namba zimepangana, mabaraza yanatazamana, kwa hiyo taka za nyumba moja huishia mlangoni kwa nyingine.

Hatua ya 1. Tembeeni mtaa mzima mara tu mvua ikikatika: mwenyekiti wa mtaa, wenye maduka, imamu, vijana wa kijiweni, mama wa vitumbua. Masika hayafichi maji yanaposimama. Orodhesheni kero zote, kisha chagueni moja. Mimi ningechagua mtaro kabla ya rangi za ukutani. Rangi hupigwa picha, mtaro hupunguza mbu.

Hatua ya 2, ambayo wengi huiruka. Lipelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa mtaa, mtendaji aliandike kwenye muhtasari: nani anatoa nini, majembe yanatunzwa kwa nani, tope linapelekwa wapi. Mwenyekiti huchaguliwa, kesho anaweza kuwa mwingine. Muhtasari unabaki ofisini. Ukienda halmashauri ya jiji, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au kwa mfadhili bila karatasi yenye saini na muhuri, jiandae kusikia "njoo kesho".

Hatua ya 3. Gawaneni mzigo: wakazi nguvu, wenye maduka mifuniko, halmashauri gari. Tope lisilale kando ya mtaro, mvua italirudisha.

Hatua ya 4. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa msizipige lipu ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, lipu ikabanduka. Rudieni chokaa na mchanga. Fundi akisema ni yaleyale, tafuteni mwingine.

Maswali ya wanasomo

*Mimi mpangaji. Mtaa ukipendeza si kodi itapanda?*
Inaweza kupanda, na hofu yako ina msingi. Mpangaji naye ni mkazi: nenda mkutanoni, useme. Kisha andikishana mkataba na mwenye nyumba kabla kazi haijaanza. Serikali ya mtaa haimpangii bei, asikudanganye mtu.

*Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha akina mama Makorora kinazoa taka. Mkopo wa halmashauri unatufaa?*
Marahaba. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ila ni deni. Msikopee kuzibua mtaro, kazi isiyoingiza kitu. Kopeeni guta, tena kaya zikishakubali ada ya taka mbele ya mkutano.

*Mtaro ni wa TARURA. Kwa nini tuhangaike sisi?*
Kuujenga na kuuchimba upya ni kazi yao. Chupa na mifuko iliyomo tumeitupa sisi, tuitoe. Lakini msiongeze kina kwa kukisia. Mkiharibu mteremko, maji yatageuka yaingie kwa jirani wa chini, na ubia utafia hapo.