Namna ya kukagua losheni kabla ya kuinunua
Unapochukua chupa ya losheni dukani Darajani, soko la mjini Unguja, igeuze nyuma, bandua kwa ukucha kijikaratasi cha bei ikiwa kimefunika orodha ya viambato, kisha utafute majina yanayoishia na paraben, yaani vihifadhi vya kiwandani vinavyozuia kuvu na bakteria. Umoja wa Ulaya unaruhusu methylparaben hadi asilimia 0.4, ila propylparaben na butylparaben, zinazotiliwa shaka zaidi kwamba huingilia homoni, kikomo chake ni 0.14, na isobutylparaben ilipigwa marufuku mwaka 2014. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipakwe losheni yenye propylparaben au butylparaben penye nepi. Liwa, ule unga wa mti unaonukia wa kupaka mwilini, uliyoirowesha kwa marashi nyumbani haina kihifadhi, kwa hiyo rowesha ya siku moja tu, maana joto letu halina subira.