Kabla ya kutoa damu ya kupima tezi ya shingo

Wengi wetu huku Pemba tukiandikiwa kipimo cha homoni za tezi ya shingo, jambo la kwanza ni kulala na njaa. Kipimo hiki peke yake hakitaki hivyo. Kufunga kunahitajika ikiwa karatasi hiyo hiyo ina kipimo cha sukari au mafuta ya damu, basi muulize daktari kabla hujaondoka.

Kinachopotosha majibu zaidi ni vidonge. Mama yangu anatumia levothairoksini, kidonge cha kuongeza homoni ya tezi, na zamani alikuwa akiimeza alfajiri kisha anakwenda maabara saa tatu. T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, hupanda kwa saa chache baada ya kumeza, na majibu yake yakatoka juu, nusura apunguziwe dozi bure. Siku hizi kidonge anakitia mkobani. Akishatolewa damu anakimeza kwa maji matupu, na chai anaisubiri nusu saa au zaidi.

Wanawake wenzangu, vile vidonge vya nywele na kucha pia viangalieni. Vingi vina vitamini iitwayo bayotini, na kwa baadhi ya mashine bayotini hushusha TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, na kupandisha T4 kwenye karatasi tu, mwilini hakuna kitu. Mtu mwenye afya yake anaambiwa tezi yake inafanya kazi kupita kiasi! Viache siku mbili kabla, na kama ni vya dozi kubwa muulize daktari siku ngapi. Dawa ulizoandikiwa, kama amiodaroni ya moyo, usizikate mwenyewe. Ziandike zote, na kama una mimba sema, kwani miezi mitatu ya mwanzo TSH hushuka yenyewe.

Dozi ikibadilishwa, ngoja wiki 6 hadi 8 ndiyo upime tena. Chagua saa zile zile kila mara, maana TSH huwa juu usiku na alfajiri, mchana ikashuka. Aliyehamishia kidonge futari au daku kwa ajili ya Ramadhani naye aseme. Ukiwa na homa kali, ahirisha, ila kama daktari ana haraka.

Na kama kipimo utakifuata Unguja, usikate tiketi ya boti kabla hujapiga simu maabara kuuliza kama dawa za kupimia zipo na majibu yanatoka lini. Chukua na karatasi za majibu ya zamani. Kila maabara ina viwango vyake, na daktari atataka kuona majibu ya zamani na mapya, pamoja na viwango vyake.