Kusoma joto na feni za kompyuta ya Linux

Januari, kaskazi inavuma na chumba kinafukuta, niliwahi kuletewa kompyuta ya skuli moja hapa Chake Chake. Ilikuwa ikizima yenyewe kila baada ya nusu saa. Nilibadilisha pawasaplai, ikazima tena. Vihisi joto ndivyo vilivyonionesha ukweli: feni ya prosesa ilikuwa imekwama kwa kutu. Tangu hapo sigusi bisibisi kabla ya kusoma vipimo.

Maelekezo haya ni ya Debian na Ubuntu.

Hatua ya 1. Fungua terminali, uandike:

sudo apt install lm-sensors

Hatua ya 2. Hifadhi kazi zako zote, kisha:

sudo sensors-detect

Programu itauliza maswali mengi. Bonyeza Enter tu, jibu lililoandikwa kwa herufi kubwa ndilo litakalochukuliwa nalo ni salama. Swali la mwisho ndilo la kuangalia. Linauliza kama moduli zilizopatikana (vipande vya programu vinavyosoma vihisi) ziandikwe kwenye /etc/modules, na jibu lake la kawaida ni NO. Hapo andika YES, la sivyo ukiwasha tena kompyuta huenda usizikute. Wengi hukwama hapa.

Hatua ya 3. Washa kompyuta upya, uandike:

sensors

Prosesa za Intel huonekana kwa jina la coretemp, za AMD k10temp. Feni na volti hutoka kwenye chipu ya madabodi, mara nyingi nct6775 au it87. Laptopu nyingi hazioneshi feni kabisa, usihangaike.

Hatua ya 4, na hii ndiyo yenye faida: usiamini kila namba. Ukiona nyuzi 127, au namba iliyo chini ya sifuri hapa kwetu Pemba, hiyo ni pini isiyounganishwa na kitu. Feni yenye 0 RPM (mizunguko kwa dakika) huenda imekufa, huenda pia hakuna feni iliyochomekwa pale. Fungua uitazame kwa macho. Njia yangu ya kuhakiki ni kusoma asubuhi, mara tu baada ya kuwasha mashine iliyolala usiku kucha. Vipimo vya kweli huanzia karibu na joto la chumba, halafu hupanda. Kisichosogea hakipimi kitu.

Kipimo cha uongo kizime kwa faili ndani ya /etc/sensors.d/, kwa mfano (jina la chipu, kisha kipimo cha kuficha):

chip "it8728-*"
ignore temp3

Ukikuta dmesg (amri inayoonesha ujumbe wa kernel, yaani kiini cha Linux) inalalamika kuhusu mgongano wa ACPI, yaani programu ya ndani ya madabodi nayo inaitumia chipu ileile, utashauriwa uongeze acpi_enforce_resources=lax kwenye vigezo vya kuwashia kernel. Kwenye mashine ya mteja mimi siiweki, kwa sababu inaruhusu programu mbili kuishika chipu moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5. Fungua video, uache hii ikienda kwa nusu saa:

watch -n 2 sensors

Linganisha na namba ya crit (kikomo cha hatari) iliyo pembeni. Kwenye Intel nyingi ni nyuzi 100. Ikiikaribia, zima, safisha vumbi na chumvi kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa kwa brashi kavu, badilisha pasta ya joto iliyo kati yake na prosesa, kisha upime tena kwa video ileile.